Kengele Ilipandaje?

Kaeni vizuri, jamaa zangu. Wale wa benchi za nyuma leo siwasemi, leo ninawahitaji, na sababu mtaiona kabla hatujaimba wimbo wa sadaka. Mama mwenye mtoto anayelia, usitoke naye. Mwache alie, humu ndani ana haki kama niliyo nayo mimi. Tena yeye angalau anasema linalomuuma.

Nawaletea mfano. Palikuwa na usharika mmoja uliojengwa kileleni mwa kilima. Msiniulize kilima gani, wala majina ya watu sitayataja, maana nikitaja jina moja tu mtaanza kuulizana huyo ni wa ukoo gani, na mfano wangu utaishia hapo. Kanisa lilikuwa juu, watu wanaishi chini, na katikati palikuwa na ngazi za mawe thelathini na moja. Babu zao walizichonga kwa mikono yao. Watu wale walijivunia ngazi zao kuliko hata kwaya yao, na kwaya yao haikuwa ya mchezo. Mgeni akifika juu anahema, mkono kiunoni, walimcheka kwa upendo na kumwambia, "Karibu mgeni, hata mbinguni kuna kupanda!" Watoto wa kipaimara hawakubarikiwa mpaka wazisugue zote kwa brashi, kuanzia ya chini hadi ya juu.

Pale chini, nyumba ya kwanza kabisa ukitoka kwenye ngazi, aliishi mwanamke mmoja aliyefuma masweta ya shule. Tumwite Fundi. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, akawa anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono. Kwa kunyonga baiskeli na kusukuma mashine ya kufumia kutwa nzima, mikono yake ilikuwa imara kiasi kwamba ukimsalimia kwa mkono huku unajiona mwanamume, unautoa haraka na kujifanya una chafya. Na ulimi wake nao haukuwa lege.

Sasa niambieni, Fundi alifikaje kanisani kila Jumapili? Alibebwa! Vijana wanne wa kwaya walikuwa na zamu yao, na siku ya zamu walivaa skafu nyekundu shingoni ili wajulikane. Walimbeba wakiimba. Wageni walitoa simu zao wakapiga picha, akina mama wazee wakafuta machozi, na mchungaji wao aliwahi kuhubiri kwamba usharika wake hauna haja ya kusoma katika Injili habari za wale wanne waliomshusha mwenzao kupitia darini, maana wanayo kila Jumapili mlangoni kwao.

Je, ilikuwa vibaya? Haikuwa vibaya. Nani atalaumu upendo? Fundi mwenyewe aliwashukuru kila mara, na alimaanisha. Lakini wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wale vijana hawakujua kwamba Fundi, tangu chakula cha Jumamosi jioni, hakutia hata tone la chai kinywani, kwa sababu akishafika juu, choo kiko nyuma ya kanisa, mlango wake mwembamba, na hangeweza kumwambia kijana wa watu mbele ya kwaya nzima, nibebe nikajisaidie. Hawakujua kwamba hajawahi hata siku moja kuwahi ibada, wala kuchelewa kwa hiari yake. Alifika wao walipofika na kuondoka wao walipokumbuka. Na kuna Jumapili moja hawakukumbuka. Palikuwa na mnada wa mavuno uwanjani, beberu mmoja mnene akagombewa, zogo likawa kubwa, watu wakateremka na beberu wao wakishangilia. Fundi akabaki kanisani peke yake na mbayuwayu wa kwenye dari. Saa tisa mchana kijana mmoja wa skafu, tonge likiwa njiani kwenda kinywani, akaruka kutoka mezani akipiga kelele, "Mungu wangu, Fundi!"

Kisa hicho Fundi alikisimulia mwenyewe, na kila alipokisimulia watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliwaruhusu wacheke. Ila kilimuuma, na hakumwambia mtu.

Sasa sikilizeni jambo alilolitaka huyu mwanamke, maana mfano mzima umesimama hapo. Fundi alitaka kengele.

Uwanjani mwa kanisa lile, kwenye fremu ya magogo, ilining'inia kengele ya chuma kizito, na kwa watu wale kengele ndiyo iliyokuwa saa, gazeti na redio. Ililia Jumamosi jioni kuikaribisha Jumapili. Ililia Jumapili mara mbili, ya kuamka na ya kuingia. Ililia polepole kukiwa na msiba na harakaharaka kukiwa na harusi. Fundi alikua chini ya sauti ile. Tangu akiwa msichana mdogo, kengele ikilia, mikono yake ilivuta kamba ambayo haikuwepo. Alizijua nyakati zake zote, aliamka alfajiri bila kuamshwa, na mikono mnajua wenyewe ilivyokuwa.

Kwa miaka thelathini kengele ilipigwa na mzee mmoja mkimya. Mwaka mmoja kabla ya haya, yule mzee aliwaambia wenzake kwamba shughuli za shamba zimemzidi, hawezi tena. Akaacha kengele, na baada ya wiki chache akaacha kuja kabisa. Wazee wa kanisa wakasikitika. Wakaliandika jina lake kwenye karatasi.

Karatasi gani? Subirini, msiniharakishe. Usharika ule ulikuwa na orodha ya waliopoa. Wale waliokuwa moto zamani, kisha wakaanza kukosa Jumapili moja, mbili, mpaka wakatoweka. Kila Jumatano, kwenye sala ya jioni, kiongozi wa wazee aliichomoa orodha mfukoni mwa koti, akasoma majina yote kumi na manne, na watu wakalia mbele za Mungu kwamba awawashe tena mioyo. Waliomba hivyo kwa miaka saba, na walikuwa wakiomba kwa machozi ya kweli.

Turudi kwenye kengele. Tangu yule mzee aache, ilipigwa na yeyote aliyefika kwanza, na mambo yakawa kichekesho. Jumapili nyingine kengele ya kuamka ililia watu wakiwa njiani wanakuja. Nyingine haikulia kabisa. Halafu ikatokea harusi ya binti wa mwenyekiti wa kwaya, na kijana aliyeshika kamba akapiga taratibu, ngo... ngo... ngo... Bibi harusi akashuka kwenye gari akauliza nani amekufa. Shangazi zake wawili walikuwa wameshaanza kulia.

Hapo kiongozi wa wazee akasema basi. Jumapili iliyofuata akasimama mbele. Alikuwa mtu mwema huyu, msije mkamwona mbaya, ndiye aliyeanzisha zamu ya skafu nyekundu. Akasema, "Ndugu, tunataka mtu mmoja wa kudumu. Mtu anayeamka mapema na anayejua tofauti ya harusi na matanga. Nani anajitolea?"

Mkono mmoja ukanyooka, mkono imara wa mfuma masweta.

Wachache wakacheka chinichini, si kwa ubaya, unajua kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi macho yake. Kiongozi wa wazee akatabasamu kwa huruma. "Dada yetu, Mungu aubariki moyo wako. Lakini usijali, hakuna lisilowezekana. Vijana watakubeba."

"Asante, baba," Fundi akasema. "Vijana huja saa ngapi?"

"Wakisikia kengele."

"Na hiyo kengele itakuwa imepigwa na nani?"

Jamani! Kanisa zima liliangua kicheko, mpaka mpiga kinanda akabonyeza funguo bila kukusudia. Yule mzee naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni kidogokidogo, kwa sababu alikuwa mtu mwenye akili na aliliona lile swali linakoelekea. Akajikohoza. Akasema, "Tutaliombea."

Tutaliombea! Mnalijua neno hilo? Mimi nalijua, nimeshalitumia. Sala ni sala, wapendwa, siidharau, ndiyo kazi yangu. Lakini kuna siku tunasema tutaliombea kama mtu anayesukumia takataka chini ya jamvi wageni wanapobisha hodi.

Wiki tatu zikapita. Fundi akafuma masweta yake. Ukafika mnada wa mavuno mwingine, na baada ya ibada watu wote wakiwa uwanjani, karibu kabisa na kengele, kiongozi wa wazee akaomba utulivu. Akasema, "Dada yetu alileta ombi, na sisi tumelijibu." Vigelegele! Wakatokea wale vijana wanne, skafu shingoni, mabegani wamebeba kiti. Na kiti hicho mngekiona! Mbao za mninga zilizong'arishwa, mto wa kitambaa chekundu, miti miwili mirefu iliyonyooka ya kubebea, na nyuma yake seremala amechonga njiwa. Walikuwa wamekipangia na zamu mpya, kijana mmoja alale karibu na kwa Fundi kila Jumamosi, ili awaamshe wenzake watatu, waje wambebe, akapige kengele ya kuwaamsha wengine.

Mnacheka. Na wao walikuwa wakicheka kwa furaha, wanapiga makofi, wanasubiri machozi ya shukrani. Wakamkalisha. Fundi akaushika mkono wa kiti akaupapasa, akamtazama seremala na kumwambia, "Kaka, hiki kizuri kuliko kitanda changu." Makofi tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nawashukuru sana. Lakini sikuomba kiti. Niliomba kazi."

Mama mmoja huko nyuma akanong'ona, na mnong'ono wa mama yule husikika tarafa ya pili, "Hana shukrani huyu. Mtu unambeba miaka yote!"

Fundi alisikia. Angeweza kuinama akanyamaza, na watu wangesahau, kiti kingetumika na maisha yangeendelea. Mara nyingi alikuwa amefanya hivyo. Ila siku hiyo kengele ilikuwa pale, hatua nne kutoka alipokaa, karibu mno kwa mtu kunyamaza. Akamgeukia kiongozi wa wazee.

"Baba, naomba niulize kitu kimoja tu. Hii kengele ilipandaje huku juu?"

Yule mzee akashangaa. "Kengele? Ililetwa na mkokoteni. Nakumbuka vizuri, nilikuwa mtoto mdogo. Baba zetu waliisukuma, na mimi kazi yangu ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kila walipopumzika, isije ikarudi."

"Walipita na mkokoteni kwenye ngazi?"

"Kwenye ngazi! Haiwezekani. Walichimba njia huko nyuma ya kilima, ya kuzunguka. Inapanda taratibu. Siku hizi ni vichaka vitupu, hakuna anayepita, kwa kuwa..."

Akasimama. Hakuimaliza ile sentensi. Akaitazama kengele, akamtazama Fundi aliyekaa juu ya mto mwekundu, akaitazama tena kengele. Watu wakamwona anavua kofia.

"Kwa kengele tulichimba njia," akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Kisha akainua sauti. "Nani ana panga nyumbani? Nani ana jembe? Jumamosi saa moja, nyuma ya kilima. Na asije mtu kuniambia tutaliombea!"

Hapo ndipo raha ilipoanza. Jumamosi tatu walifanya kazi, na waliokuwepo walisema hawajawahi kucheka vile tangu kanisa lijengwe. Wanaume walifyeka, akina mama wakaleta changarawe kwa ndoo wakiimba nyimbo ambazo si zote zilikuwa za kitabuni. Yule mama wa mnong'ono alileta uji wa ulezi, sufuria mbili, na akamkabidhi Fundi kikombe cha kwanza bila kumtazama usoni. Fundi akanywa, akasema, "Mama, uji huu una shukrani ndani yake." Wakacheka wote wawili, na mambo yakaisha hapo.

Fundi ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mwashi wao, mtu wa kujiamini, alimaliza kona ya kwanza akajipangusa mikono na kusema imekamilika. Fundi akanyonga baiskeli, akafika nusu, magurudumu yakaanza kurudi nyuma. "Bwana mwashi," akamwita, "mimi nafuma masweta, siendeshi trekta. Punguza huu mwinuko." Mwashi akanuna, akabomoa, akajenga upya. Wakafika mlangoni mwa kanisa, kuna kizingiti cha urefu wa kiganja. Fundi akakitazama tu, na mwashi akaenda kuchukua nyundo bila kuambiwa. Wakaanza kukusanya vifaa waondoke. "Na choo," Fundi akasema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Basi Jumamosi ya tatu mlango wa choo ukapanuliwa, na mchungaji wao mwenyewe ndiye aliyefunga bawaba.

Na kile kiti? Seremala aliyekichonga ndiye aliyetoa wazo. Akaichomoa miti yake miwili mirefu, akaisimika kwenye kona kali kuliko zote iwe ya kushikilia. Kiti chenyewe, na mto wake na njiwa wake, kikawekwa chini ya fremu ya kengele kwa yeyote atakayechoka.

Ikafika Jumapili. Fundi aliamka mapema kuliko siku zote, na jambo la kwanza alilofanya ni kupika chai ya tangawizi. Akanywa kikombe kimoja. Akanywa cha pili. Akajimiminia cha tatu akakinywa polepole, kwa anasa, kama mtu aliyesamehewa deni. Kulipopambazuka akatoka. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, changarawe mbichi chini ya magurudumu, na hakuna aliyemshika bega, hakuna aliyeimba, hakuna aliyemhesabia moja mbili tatu twende. Kwenye ile kona kali aliushika mti wa mninga kwa mkono mmoja akajivuta. Akafika uwanjani, na hakukuwa na mtu. Aliwahi kufika pale mamia ya mara, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufika mwenyewe. Akakaa kidogo akalia, akajifuta kwa kiwiko, kisha akaishika kamba.

Alipiga mpigo wa harusi. Hapakuwa na harusi yoyote siku hiyo. Alipiga tu kwa sababu mikono ilitaka hivyo. Kule chini madirisha yakafunguka, mbwa wakabweka, watu wakaulizana nani anaoa. Vijana wa skafu nyekundu wakakurupuka, wakakimbia mpaka kwa Fundi, wakakuta mlango una kufuli. Wakazipanda ngazi mbiombio, wakafika juu wanahema. Mmoja akasema kwa huzuni ya kweli, "Sasa Fundi, sisi tubebe nini?"

"Leo mjibebe wenyewe," akawajibu, "na mmechelewa."

Mngedhani mfano umeishia hapo, na mimi ningeweza kusema Amina tukaenda nyumbani. Lakini sikilizeni lililotokea baada ya kengele ya pili.

Kiongozi wa wazee alikuwa amesimama mlangoni kupokea watu, macho yake kwenye ngazi kama alivyozoea. Akasikia mlio wa fimbo nyuma yake, kutoka upande wa njia mpya. Tok, tok. Akageuka. Alikuwa yule mzee mkimya, mpiga kengele wa zamani, amevaa koti lake la Pasaka. Nyuma yake bibi mmoja mwenye magoti yaliyovimba, ameshikwa na wajukuu wawili. Nyuma ya bibi, bwana mmoja asiyeona, ambaye zamani alikuwa akiimba besi, sasa anapanda na mkono wake juu ya ule mti wa mninga, anavuma wimbo. Nyuma yake mama aliyekuwa na mwana asiyetembea wala kusema. Alimbeba mgongoni kuja kanisani miaka yote mpaka mwana alipofika umri wa miaka kumi na mmoja na mgongo wa mama ukakataa. Sasa alikuwa anamsukuma kwenye kigari cha kuazima, na mwana anapiga kelele za furaha kila kigari kiliporuka juu ya changarawe.

Yule mzee wa kanisa akatia mkono mfukoni mwa koti. Mnajua kilichokuwa mfukoni. Akaichomoa ile orodha, akaitazama, akawatazama wanaopanda. Jina la kwanza, yule pale. La tatu, yule. La sita, la saba. Majina kumi na manne aliyoyasoma kila Jumatano, tisa kati yao yalikuwa yanapanda kilima mbele ya macho yake, yamevaa nguo safi.

Akamwendea mpiga kengele wa zamani akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo mzee. Mzee wangu, si ulituambia shamba limekuzidi?"

"Marahaba. Shamba?" yule mzee akacheka. "Shamba nimewagawia wajukuu mwaka wa tatu huu. Goti, mwanangu. Lilinikatalia kwenye ngazi ya kumi na tisa."

"Lakini mzee, kwa nini hukusema? Tungekubeba!"

Yule mzee akamtazama kwa upole mwingi. "Ndiyo maana sikusema."

Siku ile benchi hazikutosha. Watu walikaa kwenye mikeka, besi ikarudi kwenye kwaya, na mwana yule wa kwenye kigari alijibu mahubiri kwa sauti yake kila palipostahili na pasipostahili. Wakati wa matangazo, kiongozi wa wazee alisimama na karatasi yake mkononi. Alicheka na machozi yanamtoka. Mwisho akasema, "Miaka saba tumemwomba Mungu awawashe mioyo. Mioyo ilikuwa inawaka nyumbani. Sisi ndio tulioweka ngazi mlangoni, tukawaita wao baridi." Akakaa. Fundi akatoka taratibu mlangoni, na punde wakasikia kengele, katikati ya ibada, mpigo wa harusi. Nyakati alizijua. Aliona tu kwamba hiyo nayo ni saa yake.

Sasa sisi. Msiangalie nje, naongea na sisi.

Kanisa letu halina ngazi thelathini na moja, na ninawaona mnapumua. Leo asubuhi nilikuja mapema nikahesabu. Mlango mkubwa una vidato vitatu. Hii mimbari ina vinne, ndiyo kusema kwetu mtu asiyepanda vidato anaweza kusikiliza neno, kulihubiri hawezi. Matangazo yetu tunayasoma kwa mdomo tu, na yule dada yetu asiyesikia hukaa hapo mbele kila Jumapili akitazama midomo yetu, na sisi tunasema jinsi anavyopenda kanisa. Nani kati yetu amejifunza kumsalimia kwa mikono? Mimi sijajifunza. Nina miaka sita hapa. Sijui hata kumwambia habari za asubuhi.

Tuna upendo, sibishi. Upendo wa kubeba tunao tele, tukiitwa leo tutajitokeza ishirini. Lakini je, tumewahi kumuuliza mtu anataka kubebwa au anataka kupita? Tumemuuliza anataka kiti, au anataka kazi? Wale kengele waliichimbia njia, wapendwa. Jenereta letu tulilijengea kibanda na njia ya zege ili lisukumwe vizuri, nimeipita leo asubuhi, laini kama meza. Jenereta!

Nimalizie na hii. Mnaiona hii karatasi? Ndiyo, na sisi tunayo. Imekuwa mfukoni mwangu hapa muda wote niliokuwa nawachekesha. Ina majina ishirini na mawili, na nimeyasoma kila Jumatano kwa sauti ya huzuni. Jumatano hii siyasomi. Nimeikata vipande, jina moja kwa kila kipande. Utachukua kimoja, utakwenda kwa mtu huyo kabla ya Jumapili, na ukifika usianze na sala. Usimwambie tunakukumbuka. Kunywa chai yake kwanza, kisha muulize, "Ulikwamia wapi?" Halafu nyamaza, usikie jibu lote, hata likiwa ni sisi. Uje uniambie, na Jumamosi niko hapa na nyundo.

Vipande hivi naanza kuvigawa kwenye benchi za nyuma. Nyinyi ndio mnaokaa karibu na mlango, mliwaona walipotoka.